Nambari za Kumbukumbu ya Tarakilishi: Zinahesabu Nini?

Mwanafunzi anayetaka kuiongezea tarakilishi yake kumbukumbu hukutana na majina mawili dukani: DDR3-1600 na PC3-12800. Asiyejua atadhani la pili ni la kifaa chenye kasi mara nane, na yumkini akakubali kukilipia zaidi. Ukweli ni kwamba majina yote mawili ni ya kifaa kimoja. Makala haya yanadhamiria kufafanua kinachohesabiwa na nambari hizo.

Hapo awali mambo yalikuwa sahili. Kumbukumbu za SDRAM zilizoenea mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliitwa PC100 na PC133. Nambari ilitaja megahezi, yaani mamilioni ya mapigo kwa sekunde, na kila pigo lilisafirisha data mara moja.

Mnamo mwaka wa 2000, shirika la viwango la JEDEC lilichapisha kiwango cha DDR. Kumbukumbu ya aina hii husafirisha data mara mbili kwa kila pigo: linapopanda na linaposhuka. Hivyo, DDR-400 hupiga mara milioni 200 kwa sekunde ilhali husafirisha data mara milioni 400. Kuiita kumbukumbu ya megahezi 400, kama ilivyozoeleka, si sahihi.

Jina la PC nalo lilibadilika maana, likaanza kuhesabu megabaiti kwa sekunde. Njia ya data ina upana wa biti 64, sawa na baiti 8. Tukizidisha 400 kwa 8 tunapata 3200. Ndiyo sababu DDR-400 huitwa pia PC-3200. Kwa kanuni iyo hiyo, DDR2-800 ni PC2-6400, na DDR4-3200 ni PC4-25600. Vilevile, PC-2100 haikuishinda PC133 mara kumi na sita kama nambari zinavyoashiria, bali mara mbili tu.

Hata hivyo, wingi wa data si kasi yote. Herufi CL hutaja idadi ya mapigo yanayopita kati ya ombi na jibu. DDR-400 yenye CL3 husubiri mapigo matatu ya nanosekunde 5, jumla 15. DDR4-3200 yenye CL22 husubiri mapigo 22 ya nanosekunde 0.625, jumla 13.75. Data imeongezeka mara nane, lakini muda wa kusubiri karibu ni ule ule. Ni sawa na kubadilisha matatu kwa basi kubwa: abiria huongezeka, ila muda wa kungoja kituoni haupungui.

Kwa hivyo, mnunuzi na athibitishe kwanza kizazi, kwa kuwa kumbukumbu ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4. Kisha alinganishe nambari za aina moja, na hatimaye atazame CL. Nambari kubwa isiyojulikana inahesabu nini haistahili kulipiwa hata shilingi moja ya ziada.