Feni sita msikitini, na jiko lisilo na dirisha

Mwezi wa Rajabu uliopita, kamati ya msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, ilimaliza kazi iliyokuwa imetushughulisha kwa muda mrefu. Tulipaka rangi kuta za ndani, tukabadilisha mabomba ya kutawadhia, na tukafunga feni sita mpya ili waumini wasali kwa utulivu msimu huu wa joto. Mimi ndiye katibu wa kamati hiyo. Siku tulipofunga hesabu nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikamsimulia mke wangu kila kitu, tangu mchango wa kwanza hadi risiti ya mwisho.

Alinisikiliza huku akipepea mkaa. Nilipomaliza aliniuliza kwa upole, "Katibu, feni mlizofunga ni ngapi?"

"Sita," nikajibu.

"Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Sasa vuta kigoda, ukae nami humu nusu saa."

Nilikaa, lakini nusu saa hiyo sikuimaliza.

Jiko letu, kama majiko mengi ya nyumba zetu za Kiswahili, liko uani, limeegemea ukuta wa nyuma. Lina mlango mmoja, bati lisilo na dari, na kidirisha kilichozibwa kwa mbao miaka mingi iliyopita ili kuzuia paka. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi. Nje joto la mchana lilikuwa nyuzi 32 au 33, kama ilivyo kawaida ya pwani yetu wakati wa kaskazi. Humo ndani, baina ya bati na jiko la mkaa, hapakuwa na hewa ya kuvuta.

Ndipo nikaikumbuka alasiri moja ya kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa amefunga kama sisi sote, alitoka humo jikoni akishika ukuta, akaketi chini, na hakuweza kusimama hadi adhana ya magharibi. Siku ile nilimpa pole, nikampelekea maji ya kunawa uso, kisha nikaenda msikitini kupanga mikeka ya futari. Halikunijia wazo la kulitazama lile jiko.

Ndugu msomaji, katika Surat An-Nahl, aya ya 80 na ya 81, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa amezijaalia nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu, na kwamba katika neema Zake kwetu ni vivuli na vya kutukinga na joto. Aya hizo nilizisoma chuoni na nikazifanyia mtihani. Maana yake nyumbani kwangu niliifahamu nikiwa juu ya kigoda. Ikiwa nyumba ni utulivu, basi haiwezekani chumba kimoja cha nyumba hiyo kiwe adhabu kwa yule anayetulisha.

Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu wa kaskazi, nayo husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kwa hiyo bado tuna miaka kadhaa ya kufunga na kupika katika joto hili. Shaabani ndio wakati wa kutengeneza. Nitaeleza tuliyoyafanya kwetu. Hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

HEWA IPATE NJIA

Hewa ya moto hupanda juu. Isipopata pa kutokea hujikusanya chini ya bati na kumrudia mpishi. Jiko basi linahitaji njia mbili: moja ya chini ya kuingizia hewa, na nyingine ya juu, upande wa pili, ya kuitolea. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, hivyo ukiweza, njia ya kuingilia ielekee huko.

Sisi tulikibandua kile kidirisha na kukiwekea wavu wa chuma, ambao unazuia paka bila kuzuia hewa. Ukuta wa pili, karibu na bati, fundi mwashi alitoa matofali manne na kuweka ya matundu mahali pake. Ilikuwa kazi ya siku moja. Mwambie fundi wako asiiguse linta wala nguzo, na sehemu ya juu aipe kikinga kidogo ili mvua ya masika isiingie.

Jambo hili si la raha tu. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kuua. Kizunguzungu na maumivu ya kichwa jikoni tusiviite uchovu wa saumu kabla ya kuitazama hewa ya mahali penyewe.

CHOKAA KUTANI

Ukuta wenye masizi hunywa mwanga, na jiko lenye giza humchosha mtu mapema. Rangi ya dukani ni nzuri, lakini chokaa ni nafuu na babu zetu wa pwani waliijua kazi yake.

Kwanza sugua masizi kwa brashi na maji ya sabuni, uache ukuta ukauke. Usiku uliotangulia kupaka, changanya chokaa ya unga na maji katika ndoo ya plastiki, utie viganja viwili vya chumvi ili ishike vizuri, uifunike hadi asubuhi. Kisha ongeza maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, uichuje. Ulowanishe ukuta kidogo, upake mkono mwembamba, uache ukauke, urudie mara ya pili na ya tatu. Mkono wa kwanza utakuvunja moyo, kwa kuwa chokaa ikiwa mbichi haionekani. Weupe huja inapokauka. Juu ya ukuta wenye rangi ya mafuta chokaa haishiki, itabanduka.

Chokaa huunguza macho na ngozi. Vaa glavu, kinga macho, na watoto wadogo wasiwe karibu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo na uende kituo cha afya.

KIVULI UPANDE WA MAGHARIBI

Ukuta unaopigwa na jua la alasiri huendelea kutoa joto hata baada ya jua kutua. Kwetu ni ukuta wa magharibi wa jiko. Tulisimamisha miti miwili, tukatundika makuti kwa umbali wa hatua moja kutoka ukutani, ili hewa ipite baina yake. Makuti yawe mbali na moto na cheche. Chini yake tumepanda pasheni ya manjano, ambayo hustahimili joto la pwani, na tumeifungia waya wa kupandia. Mwaka huu kivuli ni cha makuti; mwakani, inshaallah, kitakuwa cha majani, pamoja na matunda.

KAPU LINALOMALIZIA KUPIKA

Jambo lililomfurahisha zaidi mke wangu halikujengwa na fundi. Ni kapu kubwa la ukindu ambalo ndani yake tumetandika blanketi kuukuu, pamoja na mto mnene uliojazwa usufi wa kufunikia juu. Sufuria iliyochemka ikizikwa humo na kufunikwa vizuri hubaki na moto wake, na chakula huendelea kuiva bila mkaa wala gesi.

Mchele uliooshwa uchemshe dakika tano, kisha uingize sufuria kapuni kwa muda wa saa moja bila kuifunua. Maji yawe pungufu kidogo kuliko kawaida, maana mvuke hautoki. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha mwaga maji yake, tia mapya, yachemke kwa nguvu dakika 20, kisha yakae kapuni saa tatu. Kunde huhitaji muda mfupi zaidi. Sufuria iwe imejaa vizuri, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka.

Sharti moja lisivunjwe: kapu si friji. Usikiache chakula humo kutwa nzima. Kikitolewa, kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Mke wangu hufika kutoka shuleni saa nane mchana. Zamani moto wa maharage uliwaka hadi jioni. Sasa unawaka dakika 20 anapofika, sufuria inaingia kapuni, naye anapata kuswali na kupumzika. Jioni, kazi iliyobaki ni kuchemsha tena na kuunga.

CHAKULA CHA SIKU YA JOTO

Vyakula vitatu vifuatavyo vinatosha mlo mmoja wa familia, na moto wake wote hauzidi saa moja.

Kunde za baridi. Chukua vikombe viwili vya kunde zilizoiva na kupoa. Katakata nyanya tatu, tango moja, na kitunguu kimoja kilichooshwa kwa chumvi ili kupunguza ukali. Ongeza embe bichi moja lililokunwa, majani ya giligilani, pilipili kwa wanaoipenda, chumvi, na maji ya ndimu mbili. Changanya na ule siku hiyo hiyo.

Samaki wa chukuchuku. Samaki wa kilo moja aliyesafishwa mkate vipande, mpake chumvi na ndimu. Katika sufuria weka nyanya nne zilizokatwa, kitunguu, vitunguu saumu vichache vilivyotwangwa, pilipili nzima na vikombe vitatu vya maji. Yakishachemka dakika kumi tia samaki, mwache dakika 10 hadi 15 kwa moto mdogo, umalizie kwa ndimu. Hakuna mafuta ya kukaangia wala nazi. Nazi ni tamu na hatuiachi, ila kwenye joto mchuzi wake huchacha upesi; siku ukipika kwa nazi, upike wa kuliwa ukaisha.

Maji ya ukwaju. Loweka robo kilo ya ukwaju katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Baada ya saa moja uvuruge kwa mkono safi, uchuje, ongeza lita nyingine ya maji, sukari kiasi na chumvi kidogo sana. Kama hakuna friji, mtungi uliowekwa kivulini na kufunikwa unatosha kuyapoza maji ya kuongezea, maadamu kata ya kuchotea ina mpini na hakuna anayetumbukiza mkono.

Kwa Ramadhani, tumekubaliana nyumbani kwamba baada ya tende na maji, futari itakuwa vyakula viwili na kinywaji kimoja. Zamani mkeka wetu ulibeba mihogo ya nazi, tambi, kaimati, bajia, viazi na uji kwa siku moja, na nusu yake ilichacha kabla ya daku. Surat Al-A'raf, aya ya 31, imetuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo imetukataza israfu. Kaimati hazikufutwa, zimepewa siku yake.

NANI ANAFANYA NINI

Mama Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika alitoka kwenda kuswali. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Sisi tunaoongoza mambo ya msikiti tunakipenda sana kipande cha mwisho cha hadithi hiyo. Kile cha mwanzo tunawaachia wanawake wakisome peke yao.

Kwetu sasa binti yetu wa miaka kumi na mmoja anakatakata mboga, mdogo wake analoweka ukwaju na kuchambua kunde, nami nanunua samaki, nampara magamba na kuwasha moto. Mwanzoni nilimkata samaki vibaya mno, na wanangu walinicheka kwa siku mbili. Nimezoea. Muda ambao mama yao ameupata, mwaka jana hakuwa nao: anasoma juzuu yake baada ya alasiri akiwa ameketi kwenye upepo.

Juma lililopita nilikivuta tena kile kigoda jikoni, wakati ule ule wa mchana. Joto bado lipo, maana kaskazi ni kaskazi. Lakini hewa ilikuwa ikipita, kuta zilikuwa nyeupe, na nusu saa ikaisha tukiwa bado tunazungumza.

Katika kikao kijacho cha kamati nitawasilisha pendekezo moja: kwamba chokaa iliyobaki msikitini na vijana wetu wenye ufundi vitumike, kabla ya mwezi kuandama, katika majiko ya wajane wanaoishi karibu na msikiti. Wao hawana wa kumwambia avute kigoda. Naziomba kamati za misikiti mingine zilifikirie jambo hili, na nawaomba kina baba wenzangu waanze na jiko la nyumbani kwao.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika Shaabani, atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, na azijaalie nyumba zetu ziwe utulivu kwa kila anayeishi ndani yake. Amin. Wabillahi tawfiq.