Kwenye usaili, jibu ndilo linalopewa alama

Semina za vijana wanaotafuta kazi hazikosi mtu wa kuwaambia kwamba asilimia 55 ya mawasiliano ni mwili, asilimia 38 ni sauti, na maneno yenyewe ni asilimia 7 tu. Namba hizo zimezagaa hadi kwenye video za simu, na matokeo yake ni kwamba vijana wengi huingia kwenye usaili wakiwaza zaidi mikono waiweke wapi kuliko watakachosema. Ushauri huo umepotoka, na unawakosesha watu kazi.

Asili yake ni majaribio mawili ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaliyochapishwa mwaka 1967. Washiriki walisikilizishwa neno moja moja lililotamkwa kwa sauti za namna mbalimbali, na katika jaribio mojawapo waliona pia picha ya uso, kisha wakakadiria kama msemaji anampenda au hampendi anayezungumza naye. Hakuna aliyejieleza wala kujibu swali. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu hisia za kupenda na kutopenda, na haifai kutumiwa mtu anapozungumzia mambo mengine. Ukiulizwa jinsi ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, jibu liko kinywani mwako, halimo mabegani.

Tazama kinachofanyika upande wa pili wa meza. Nchini Tanzania, usaili wa kazi za serikali unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huanza kwa mchujo, mara nyingi wa kuandika, kada nyingine zikawa na vitendo, kisha ndipo mtu hukaa mbele ya jopo. Jopo lililoandaliwa vizuri huwa na maswali yaliyopangwa na karatasi ya alama. Kila mjumbe anasikiliza, anaandika, anatoa namba. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wa aina hii, ambapo wote huulizwa maswali yale yale na kupimwa kwa kipimo kimoja, ndio ulioongoza katika kubashiri nani ataiweza kazi. Mjumbe wa jopo la namna hiyo hawezi kuandika alama kwa jambo ambalo hukulisema.

Hapo ndipo malezi yetu yanapotutega. Tumefundishwa kutojisifu, kwa hiyo msailiwa akiulizwa alifanya nini anajibu "tulifanya", "tulishirikiana", "tulitatua". Jopo linabaki na swali: wewe ulikuwa wapi katika hayo yote? Wengine hukimbilia sifa zilizokaririwa: mimi ni mwaminifu, mchapakazi, ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Sifa hizo kila aliyeingia asubuhi ile amezitaja.

Chukua mfano wa mwombaji wa kazi ya kutunza stoo aliyeambiwa, "Tueleze wakati ulipogundua upungufu kazini." Jibu lenye nyama linaweza kuwa hivi: "Nilikuwa natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwisho wa mwezi nilipohesabu mali, nondo za milimita 12 zilipungua 40 kwenye leja. Sikumtuhumu mtu. Nilirudi kwenye hati za kutolea mzigo, nikakuta mzigo mmoja umetoka bila hati kusainiwa. Nilimwandikia meneja siku ile ile, tukampigia mteja, akakiri kuupokea, akalipa. Tangu hapo nikaomba kila mzigo utoke kwa saini mbili, na utaratibu ukakubaliwa." Halifiki dakika moja. Lina mahali, lina tatizo, lina hatua alizochukua yeye mwenyewe, lina matokeo. Hakusema kwamba ni mwaminifu, na jopo limeshajua. Wala hakuwaibia wenzake sifa: pale walipofanya pamoja alisema "tukampigia".

Majibu kama hayo huandaliwa nyumbani. Keti na tangazo la kazi, soma majukumu yaliyoorodheshwa, na kwa kila jukumu kubwa tafuta tukio moja la kweli kutoka kazini, kwenye mafunzo kwa vitendo, au hata kwenye kamati ya msikiti, kwaya au kikoba ulikokuwa mweka hazina. Kisha lisimulie kwa sauti, katika lugha utakayosailiwa. Hili la lugha ni zito. Wasomi wengi wanaijua kazi yao barabara, lakini hawajawahi kuieleza kwa Kiingereza hata mara moja kwa mdomo, na siku ya usaili ndiyo inakuwa mara ya kwanza. Ukikwama, sentensi fupi sahihi ni bora kuliko ndefu inayopotea njiani. Na kama tangazo halikutaja lugha, kuomba kwa adabu ujibu kwa Kiswahili si aibu hata kidogo. Jopo ndilo litaamua.

Sasa kimya. Watafiti waliolinganisha mazungumzo ya kawaida katika lugha 10 za mabara mbalimbali, utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliona kwamba nafasi kati ya swali na jibu kwa wastani ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Tumezoea kupokezana haraka kiasi hicho. Ndiyo maana sekunde tano za kimya mbele ya watu watano zinatisha, na msailiwa aliyekwisha kujibu vizuri anaanza kuongeza, anajirudia, mwishowe anasema jambo linalopingana na jibu lake la mwanzo. Mara nyingi kimya hicho kina sababu ndogo sana: wajumbe wanaandika. Ukimaliza, funga mdomo, subiri. Vilevile usiogope kutulia kidogo kabla ya kujibu. "Naomba nifikiri kidogo" ni sentensi halali, na ni afadhali kuliko msururu wa "yaani", "aaa", "nini hii".

Je, mwili hauna kazi? Unayo, ila ni kazi ya kulifikisha jibu salama. Hofu hufupisha pumzi, pumzi fupi huharakisha maneno, na maneno ya haraka humezwa mwishoni, mahali ambapo kwa kawaida matokeo hutajwa. Kabla hujaitwa, vuta pumzi na uitoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Ukikaa, egemea kiti, weka miguu yote chini, mikono ikae mapajani au mezani na isogee inapotaka. Usishike kalamu ya kubofya.

Salamu nayo huwasumbua wengi, kwa sababu jopo lina watu wa rika tofauti. Salimia mara moja kwa wote: "Shikamooni" kama ni dhahiri wote ni wakubwa zako, vinginevyo "Habari za asubuhi" inatosha na haimvunjii mtu heshima. Usizunguke meza kutoa mkono; subiri unyooshewe. Asiyeshikana mikono na jinsia nyingine kwa sababu ya dini aweke mkono kifuani na kutabasamu. Watu wa hapa wanaielewa ishara hiyo.

Macho ndiyo yenye utata zaidi. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hamkodolei mtu mzima macho, na adabu hiyo haifutiki kwa sababu umevaa suti. Nakushauri umtazame aliyeuliza wakati anauliza, anza kumjibu yeye, kisha wapitishie wengine macho unapoendelea. Ukiona vigumu kuyakabili macho, tazama sehemu ya kati ya nyusi zake. Kwa usaili wa mtandaoni, tazama kamera unapomaliza jibu, kaa dirisha likiwa mbele yako na si mgongoni, na hakikisha kifurushi cha data hakitakata katikati.

Lakini wanaosaili nao wana lao la kujifunza. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi kutoka nchi 58 ulioonyesha kwamba dalili ya uongo inayotajwa zaidi duniani ni kukwepa macho. Wakati huohuo, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Bella DePaulo na wenzake mwaka 2003 ulikuta kwamba kukwepa macho hakuhusiani na uongo kwa kiwango chochote cha maana. Mapitio mengine, ya DePaulo na Charles Bond, yalionyesha kwamba watu wanaojaribu kubaini nani anasema uongo hupatia kwa wastani wa asilimia 54, yaani karibu sawa na kubahatisha. Hebu fikiria binti wa Lushoto au Pangani aliyefundishwa tangu utotoni kuinamisha macho mbele ya wakubwa, mbele yake wamekaa wakubwa watano, na mmoja anaandika pembeni ya karatasi: hajiamini, huenda anaficha kitu.

Kwa hiyo ninawaomba mnaokaa kwenye majopo: mwacheni msailiwa apoe, anzeni na swali jepesi la kazi aliyowahi kufanya, muulizeni kila mtu yale yale, na alama itokane na alichosema. Aliyejibu kwa "tulifanya", muulizeni, "Wewe binafsi ulifanya nini?" Swali hilo moja linaweza kuwapa mfanyakazi mzuri ambaye mngempoteza.