Je, Wajua? Nchi Inapovaa Kijani Handeni na Korogwe

Kila mwaka, tarehe 20 Machi au karibu na hapo, kuna watu Uingereza, Marekani na Ujerumani wanaopamba meza kwa maua, mayai ya rangi na mishumaa ili kukaribisha majira ya machipuko. Wanajiita Wapagani, tena kwa fahari, na sikukuu yao hiyo huitwa Ostara. Wiki hiyohiyo mkulima wa Mkata, Handeni, au Mombo, Korogwe, amekwisha kusafisha shamba, mbegu za mahindi ziko ndani, na macho yako mawinguni. Wote wanangoja nchi irudi kuwa kijani. Tofauti ni kwamba Wapagani hao wameijenga ibada yao upya kutoka vitabuni, ilhali huku Uzigua na Usambaa bado wapo wazee wanaoijua ya kwao kwa kuitenda.

Sikukuu nzima ilizaliwa na aya moja?

Mwaka 725 mtawa Mwingereza aliyeitwa Bede aliandika kitabu juu ya kuhesabu nyakati. Ndani yake alieleza kwa maneno machache kwamba mababu wa Waingereza walikuwa na mwezi uliopewa jina la mungu wa kike Eostre, na kwamba mwezi huo walimfanyia karamu. Hakutaja mayai, wala sungura, wala wimbo hata mmoja. Mwaka 1835 mwanazuoni Mjerumani Jacob Grimm akakisia kuwa Wajerumani nao walikuwa na mungu wao, Ostara. Jina hilo likabandikwa kwenye sikukuu ya Machi miaka ya 1970 na Mmarekani Aidan Kelly. Sikukuu hiyo ni moja kati ya nane zinazouzunguka mwaka wa Kipagani, na mpangilio huo wa nane nao si mkongwe: uliunganishwa Uingereza katika miaka ya 1950.

Siwabezi hata kidogo. Watu waliopoteza ya mababu zao wakaamua kuyatafuta wanastahili heshima. Lakini mwanya kati ya aya ile na sikukuu ya leo ni zaidi ya miaka elfu moja, na kwa muda huo wote hapakuwa na bibi wa kuulizwa.

Jua la utosi hufika Korogwe kabla ya Ostara

Ostara huadhimisha siku ambayo mchana na usiku hulingana. London mchana wa Juni hupita saa 16, na wa Desemba haufiki saa nane. Ukikaa huko utaelewa kwa nini mtu awashie mishumaa kurudi kwa mwanga. Korogwe iko nyuzi tano na kidogo kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni dakika zipatazo 35. Nani atasherehekea dakika 35?

Kinachobadilika huku ni mahali jua linapopita. Katika wiki ya kwanza ya Machi, saa sita na nusu na ushei mchana, jua la Korogwe husimama utosini barabara na mlingoti ulionyooka hukosa kivuli. Hutokea tena wiki ya kwanza ya Oktoba. Jua likipita, ardhi hupata joto, hewa hupanda, na ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana hulifuata kwa kuchelewa wiki kadhaa, ukiburuta mvua. Ndiyo maana tuna misimu miwili: vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi. Kijani cha Handeni na Korogwe huletwa na maji, na maji hayana tarehe.

Na kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, Mpagani wa Australia angetuambia Ostara yetu ni Septemba. Huo ni wakati ambapo Handeni kuna vumbi na foleni kisimani.

Misitu isiyoguswa na panga

Mwaka 1998 kundi la watafiti wa Kitanzania pamoja na Mfini Jussi Ylhäisi walichapisha makala juu ya misitu inayolindwa kwa mila wilayani Handeni na kwenye milima ya Pare Kaskazini. Mwaka 2006 Ylhäisi akaitolea tasnifu nzima Chuo Kikuu cha Helsinki, akichunguza misitu mitakatifu ya Wazigua wa Handeni na Wagweno wa Pare Kaskazini. Anayepita barabara ya Chalinze kwenda Segera haioni, maana mingi ni vipande vidogo vya miti mikubwa katikati ya mashamba na vichaka. Mmoja ni wa makaburi ya ukoo, mwingine wa jando, mwingine wa tambiko la kuomba mvua. Mti haukatwi. Huingii ovyo, na kuna wanaopaswa kuingia na wasiopaswa.

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Serikali ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, kisha yetu, zote zimetunga sheria za misitu zenye ramani, mipaka na askari. Vipande hivi havikuwa na askari. Vililindwa na imani kwamba waliolala humo wanaona, na kwamba aliyeingiza panga anawakosesha mvua jirani zake wote. Leo mtaalamu wa mimea akitaka kujua uoto wa zamani wa nyanda za Handeni ulikuwaje, hana budi kwenda kwenye misitu ya namna hii. Mkaa una bei nzuri Dar es Salaam, vijana wengi hawafundishwi miiko, na kipande cha msitu kikishaisha, tambiko lake nalo halina pa kufanyikia.

Katika sehemu nyingi za Tanzania tambiko la mvua hutaka rangi nyeusi: kaniki, kondoo mweusi, kuku mweusi. Wingu lenye mvua ni jeusi. Mayai ya Ostara hupakwa rangi za maua.

Mfalme aliyepimwa kwa mvua

Masimulizi ya Wasambaa yanasema Mbegha, mwindaji wa nguruwe, alitoka Ungulu, kwenye milima iliyo leo katika wilaya ya Kilindi (wilaya hiyo ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002). Alipanda milima ya Usambara akagawa nyama, akaamua magomvi, akatawazwa. Wanahistoria huliweka jambo hilo katika karne ya 18. Uzao wake ndio Wakilindi, na mfalme wao aliitwa Simba Mwene, makao yake Vugha, juu ya milima inayoitazama Korogwe.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeanza kuishi na Wasambaa miaka ya 1960, alieleza jinsi wazee walivyoigawa historia yao yote kwa mambo mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi iliyopona ina mvua, chakula na watoto. Iliyoharibika ina ukame na njaa. Uganga wa mvua alikuwa nao mfalme, na uganga huo una pande mbili: anayeweza kuileta mvua anaweza pia kuizuia. Akitawala mmoja, bila mpinzani, nchi ni yake na hana sababu ya kuikausha. Wakigombana wawili, kila mmoja huikausha nchi ya mwenziwe, na mkulima ndiye anayekufa njaa.

Mimi naona hiyo ni nadharia ya siasa, nzito kama yoyote iliyoandikwa Ulaya. Tena walikuwa na ushahidi wake. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala miaka mingi akafariki 1862. Baada yake vikaja vita vya urithi, mwanawe Semboja akiwa Mazinde kwenye njia ya misafara, pamoja na bunduki na biashara ya watumwa. Shamba haliwezi kupaliliwa na watu wanaokimbia.

Na huku hatutegemei aya ya mtawa. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewafahamu watawala hao kwa karibu, aliandika kwa Kiswahili kitabu kizima, Habari za Wakilindi, kilichopigwa chapa na misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Kitabu kipo.

Dola moja, sheria mbili

Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi ya mwaka 1735 mnamo 1951. Miaka mitatu baadaye Gerald Gardner, ofisa mstaafu wa forodha aliyefanya kazi Malaya, akatoa kitabu Witchcraft Today na kuutangazia ulimwengu Upagani wa kisasa bila kuogopa polisi. Huku Tanganyika, Waingereza haohao walitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na ingali inatumika. Tafsiri yake ni pana kiasi cha kugusa hata kudai kuwa na nguvu au elimu ya siri. Tiba asili ilipata sheria yake mwaka 2002. Kumweka anayeomba mvua kwa ajili ya kijiji kizima kapu moja na anayedhuru watu ni kutomwelewa.

Harufu ile ina kazi yake

Mvua ya kwanza ikigonga vumbi la Handeni hutoa harufu ambayo kila mtu anaijua. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walieleza kuwa wakati wa kiangazi mawe na udongo hunyonya mafuta ya mimea, na unyevu ukija huyaachia. Ndani ya harufu hiyo kuna pia kemikali iitwayo geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni ya hewa. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha sababu moja ya bakteria kuitoa: huwavuta wadudu wadogo wa udongoni, ambao huwala bakteria hao na kuondoka na mbegu zao miilini. Usiku wa mvua hiyo ya kwanza au unaofuata kumbikumbi hutoka, na watoto hawalali.

Miombo haingoji hata hiyo harufu. Miti yake mingi huchipua majani mapya, mekundu kama shaba, wiki kadhaa kabla ya vuli, ikitumia maji iliyoyahifadhi na yale ya chini sana. Wakulima wa Lushoto, majirani wa Korogwe, husoma dalili za namna hiyo pamoja na ndege, vyura na wadudu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamekaa nao kuzilinganisha na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ningetamani kila wilaya ya Tanga ipate kikao cha aina hiyo.

Machipuko yaliyohamia Julai

Pwani yetu inayo sikukuu iliyotokana kweli na machipuko. Nairuzi ya Waajemi huadhimishwa Machi, mchana na usiku vinapolingana. Ilipofika kwetu ikawa Siku ya Mwaka, na wakulima na mabaharia wakahesabu miongo ya siku kumikumi kuanzia hapo. Mwaka huo una siku 365 na haukuongezewa siku ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne ulirudi nyuma siku moja. Siku hizi Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa Julai, kwa mapambano ya migomba na kibanda kinachochomwa moto.

Waliotawanywa na ukame

Katika miaka ya 1830 mvua ziliikataa Uzigua, na watu wengi waliokimbia njaa wakaishia kuuzwa pwani ya Benadir, Somalia. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza waliotoroka hadi bonde la mto Juba, wakalima huko kwa vizazi. Vita vya 1991 viliwafukuza tena. Maelfu walikuja Tanga, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Walifika wakisema Kizigua, na wenyeji wakawaelewa.