Mali Kauli na Safari za Mchuuzi

Wasomaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama hawana haja ya kuelezwa mchuuzi ni nani. Humwona siku ya mnada ametandaza bidhaa zake chini, na siku nyingine humkuta njiani, mashuka begani au robota la mitumba limefungwa nyuma ya pikipiki. Wengi hudhani ya kuwa ni mtu mwenye mali, maana mali wanaiona kwa macho. Illakini mara nyingi mali ile siyo yake, wala hajailipia hata senti moja. Jambo hili twapenda kulieleza, kwa kuwa asiyelijua humdhulumu mchuuzi pasipo kukusudia.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za pwani zilipata kuvuka ziwa kwa meli, na Musoma ikawa mojawapo ya bandari zake. Kutoka bandarini kwenda bara zilichukuliwa kichwani. Julius Nyerere alipoanza kusoma katika shule ya Mwisenge mwaka 1934, mwendo wa kutoka kwao Butiama hata Musoma ulikuwa maili 26, nao ulikwenda kwa miguu. Mchuuzi wa siku zile alikuwa na mwendo huo huo, pamoja na mzigo.

Sasa tuje kwenye mali kauli. Kijana asiye na rasilmali huenda kwa mwenye duka la jumla, akapewa bidhaa kwa neno lake tu, kwamba atalipa siku fulani. Hatoi rehani. Rehani yake ni jina lake, na pengine jina la mtu aliyempeleka pale dukani. Asiporudi siku ile, maduka mengine husikia upesi.

Tuseme amechukua mashuka 20, kila moja kwa Sh. 15,000/-. Deni lake ni Sh. 300,000/-. Akizunguka Bunda na Butiama auza mashuka 12 taslimu kwa Sh. 18,000/-, apata Sh. 216,000/-. Matano awakopesha watu kwa bei ile ile, na matatu yaliyobaki ayarudisha dukani. Mwenye duka sasa amdai Sh. 255,000/-, naye mkononi ana Sh. 216,000/- tu. Zapungua Sh. 39,000/-. Wale watu watano wana Sh. 90,000/- zake: humo mna fedha za mwenye duka zilizopungua, na Sh. 51,000/- zilizobaki ndiyo faida yake yote ya safari. Nauli na chakula hatujahesabu. Basi mtu amwambiaye, “Njoo wiki ijayo,” na wiki ijayo akajificha nyuma ya nyumba, hakumnyima mchuuzi faida peke yake. Amemvunjia neno alilolitoa mjini.

Si kwamba wakopaji wote ni wabaya. Katika sehemu zilimwazo pamba, fedha huja kwa msimu, na mama mwenye watoto wa shule hawezi kungoja msimu ndipo anunue shuka. Mchuuzi amsaidia hapo ambapo duka la mjini lisingemsaidia, kwa kuwa halimjui. Yeye amjua hata shamba lake.

Serikali nazo hazikumtazama kwa jicho moja. Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi katika vijiji vingi yaliamriwa kufungwa, ili maduka ya vijiji yashike mahali pao. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na wachuuzi wengi wa mijini wakahesabiwa kuwa watu wasio na kazi, wakakamatwa na kurudishwa vijijini. (Nasi twajiuliza, mtu atembeaye tangu alfajiri na mzigo aitwaje mvivu?) Mwishoni mwa mwaka 2018 mambo yakageuka: vilitolewa vitambulisho kwa Sh. 20,000/-, kwa wafanya biashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi Sh. milioni 4 kwa mwaka.

Wako wanaosema kwamba deni lisiloandikwa si deni. Hilo si kweli. Sheria ya Mikataba ya Tanzania yakubali makubaliano ya mdomo, na shauri la deni laweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Taabu ni ushahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na wachuuzi wengi daftari lao ni kichwa. Walimu wangeweza kusaidia sana hapa, kwa kumwandikia mchuuzi jina la mkopaji, kiasi, na siku ya kulipa, wote wawili wakiwapo, na mkopaji akatia sahihi au dole gumba. Mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi ni vizuri zaidi. Daftari la kurasa chache latosha kwa msimu mzima.