Je, Wajua? Maziwa Huweza Kumharisha Paka

Paka wengi wakishaacha kunyonya, matumbo yao hupunguza kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Ndiyo maana kisahani cha maziwa huweza kumharisha paka mkubwa, na kama tayari anaharisha, humzidishia. Mpe maji safi, kidogo kidogo, na nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kisha vuta taratibu ngozi ya mabegani: isiporudi mara moja, huenda amepungukiwa na maji mwilini. Panadol usimpe hata kipande, huua paka. Kuharisha huweza kuwa hatari kwa mbwa pia: mtoto wa mbwa asiyechanjwa akitapika na kuharisha damu, huenda ni parvo, ugonjwa unaoweza kumwua kwa siku 2 au 3. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, usingoje kesho.