Je, Wajua? Dumu la Jiki Lilimwelesha Mpiga Mbizi

Katika miaka ya 1960, kabla jaketi za kuelea hazijaenea madukani, wapiga mbizi wa mapangoni huko Florida, Marekani, walitumia madumu matupu ya plastiki ya dawa ya kung'arishia nguo (jiki). Lita 1 ya hewa ndani ya dumu huinua takriban kilo 1.

Mpiga mbizi akipanda kutoka mita 10 hadi juu, hewa hiyo hutanuka maradufu. Dumu lenye mdomo wazi kwa chini huimwaga ya ziada lenyewe. Lililozibwa laweza kupasuka.

Na vizito vinavyovaliwa mkandani ili kuzama? Ndani ya maji ya bahari, kilo 1 ya madini ya risasi hubaki na uzito wa takriban gramu 910, lakini ya zege gramu 570 tu. Ndiyo maana risasi hupendwa mkandani.