Maji Yana Uzito: Angalia Unapoyaweka

Wewe unayekaa karibu na Nyumba ya Mungu unaliona bwawa lile kila siku. Je, umepata kujiuliza kwa nini wajenzi wa miaka ya 1960, walipouzuia mto Pangani, waliweka tuta nene namna ile, pana kuliko yote huko chini? Ni kwa sababu maji husukuma kwa kadiri ya kina chake. Kwenye kina cha mita 10, kila mita moja ya mraba hubeba tani 10.

Basi, twende nyumbani kwako. Siku hizi jamaa wengi hununua simtanki la maji ya mvua, na mara wataka kulipandisha juu ili maji yateremke yenyewe bombani. Nia ni njema. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, na mama aliyejitwika ndoo ya lita 20 kutoka mtoni hahitaji kuambiwa. Tangi la lita 2,000 ni ndoo 100 za namna hiyo, yaani tani mbili, sawa na magunia 20 ya mahindi ya kilo 100. Je, ungeyapanga magunia hayo juu ya miti minne, na chini yake watoto wakaota moto? Mti huo wenyewe huliwa na mchwa pale unapoingia ardhini, mahali usipopaona.

Wewe wa milimani, huna haja ya mnara hata kidogo. Wazee wa Upare walichimba ndiva, mabwawa madogo ya mlimani, wakakusanya maji ya kijito usiku, na asubuhi wakayafungulia yashuke kwa mifereji mpaka mashambani; nyingine zatumika hata leo. Ardhi ndiyo iliyobeba mzigo. Nawe sawazisha mahali nyuma ya nyumba, upande wa juu, kwenye udongo mgumu usiojazwa jana, ujenge jukwaa la mawe, uteremshe bomba. Maji yanayoshuka mita 2 au 3 yatosha kabisa kwa jikoni.

Wa tambarare hana mlima, kwa hiyo ajenge kwa mawe au matofali yenye msingi, asiende juu mno. Kitako cha tangi la plastiki kikalie sakafu nzima, si mbao mbili zenye pengo katikati, maana kitabonyea hapo na kupasuka. Lifunge pia, tangi tupu huchukuliwa na upepo kama kofia. Ukilijaza mara ya kwanza, jaza robo, ungoje, uangalie nyufa, ndipo uongeze.

Pengine una mtoto Moshi au Dar es Salaam akaaye ghorofani, naye ataka kufuga samaki katika tangi la kioo. Wengine hucheka jambo hili, lakini hesabu ni ile ile. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50 huchukua lita 300. Ongeza kioo, mchanga na meza yake, utakaribia magunia manne mahali padogo. Tena si kama wageni wanaokuja na kuondoka: mzigo huu haushuki usiku wala mchana, na sakafu ya mbao hulegea polepole. Mwambie aliweke kando ya ukuta unaobeba nyumba, kamwe si katikati ya chumba. Na ikiwa sakafu ni ya mbao, urefu wa tangi ukate boriti nyingi, usilale juu ya moja. Apime kwa pimamaji, kwa sababu kioo kilichoinama hupasuka. Kama nyumba ni ya kupanga, amwulize mwenyewe kwanza. Na akitaka tangi kubwa kuliko hilo, amwite mhandisi aitazame sakafu kabla samaki hawajanunuliwa.